Bibi Yangu na Daftari la Ukoo

Kwetu Pemba, mwanamke mzee akifariki husifiwa kwa mambo mawili: alikuwa mcha Mungu, na alipenda jamaa zake. Nimeyasikia hayo kwenye misiba mingi, yakitajwa moja baada ya jingine kana kwamba hayahusiani. Kwa bibi yangu mzaa mama lilikuwa jambo moja. Aliamini kuwa ibada ya mtu aliyekatana na ndugu yake ina walakini, na ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) isemayo kwamba mwenye kukata udugu haingii Peponi hakuiona kuwa ni ya kusomwa kwenye mawaidha tu. Aliifanyia kazi kwa kalamu na karatasi umri wake wote wa utu uzima. Mimi nililelewa kwake tangu sijaanza skuli mpaka naolewa, na ninayoyaandika hapa ni niliyoyaona na niliyofunzwa naye.

Alizaliwa zama za Seyyid Khalifa, miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, katika kijiji kilichoko kando ya barabara ya Wete kwenda Konde. Mwaka hasa hakuujua. Skuli hakwenda, wazee wake waliona skuli ni ya watoto wa kiume, mtoto wa kike akatosheka na chuo cha Kurani. Chuoni alisoma kwa ubao na wino wa masizi, akahitimu Msahafu akiwa bado kigori, na mwalimu wake, mwanamke mzee wa mtaa ule ule, akamfunza pia kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndiyo maana wageni wakimuuliza kama amesoma, alijibu tu, "Skuli sikwenda," na wao wakaondoka wakidhani hajui kusoma wala kuandika. Hakuwasahihisha.

Akaolewa, akazaa watoto tisa, akazika watatu wakiwa wachanga. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Miaka ya mwanzo ya sabini, mchele, sukari na unga wa ngano vilipokuwa vya kupanga foleni, alilisha nyumba kwa muhogo, majimbi na ndizi za shambani kwake. Zama hizo hakupenda kuzisimulia, nami sikumlazimisha. Alichokipenda kukisimulia ni watu: nani mtoto wa nani, nani kaoa wapi, nani alihamia Tanga akitokea Wete na jahazi gani.

Siku yake ilipangwa na sala tano, na siku yetu sote ikapangwa na yake. Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia kata ikigonga ukingo wa mtungi, nikajua anatia udhu kwa tahajudi, sala ya usiku. Akishasali alfajiri alikaa juu ya msala na nyiradi zake mpaka jua linachomoza, akasali dhuha, ndipo moto unawashwa na chai inatengwa. Adhuhuri ilikuwa ya kazi. Baina ya Alasiri na Magharibi hakupika wala hakufua. Wakati huo ulikuwa wa kutembelea na kutembelewa, na ukoo mzima ulijua hivyo. Mwenye shida, mwenye ugomvi na mumewe, mwenye kutaka kuazima mbegu, aliyetoka Chake au Mkoani kumwona, wote walikuja saa hizo, wakamkuta barazani na ukili wake wa mkeka mkononi. Baada ya Magharibi tulikaa mbele yake kusoma. Baada ya Isha sinia linawekwa, na hakuna aliyeruhusiwa kula peke yake pembeni.

Nimekuwa mtu mzima, nina watoto wangu, na nimejaribu kuipata tena siku iliyopangwa namna ile. Ninaona sasa kuwa siri ilikuwa hapo Alasiri. Watu wengi wema wanasema wanapenda jamaa zao, ila wakati wa jamaa ni ule uliobaki baada ya kila kitu, na kila kitu hakiishi. Yeye aliutenga kama alivyotenga wakati wa sala, na akaulinda vile vile. Mara nyingine alikaa na hakuja mtu. Alisuka ukili wake mpaka Magharibi, hakunyanyuka kutafuta kazi nyingine.

Msimu wa karafuu ratiba ilibadilika, lakini haikuvunjika. Mchana watu wazima wako juu ya mikarafuu, watoto chini wanaokota zilizoanguka. Jioni karafuu zinakuja na mapakacha, zinamwagwa ukumbini, na kazi ya usiku inaanza: kuchambua. Asiyewahi kuchambua karafuu nitamweleza. Unachukua kishada kwa mkono wa kulia, unakiegemeza kwenye kiganja cha kushoto, unakisokota kidogo tu, na karafuu zinaachana na makonyo yake; karafuu unaziangusha huku, makonyo unatupa kule. Viganja vinageuka rangi, vinawasha, na harufu inakaa siku nyingi hata ukinawa. Bibi alikaa katikati, kandili pembeni yake, akaanza sura kutoka juzuu ya Amma. Alisoma aya moja, sisi tukaipokea, mikono ikiendelea. Akifika mwisho wa sura alinyamaza, na mmoja wetu alitakiwa aianze upya peke yake. Aliyekosea hakukaripiwa, aya ile ilirudiwa na wote mpaka ikatulia. Hivyo ndivyo nilivyohifadhi juzuu ile, na hivyo ndivyo walivyohifadhi mama yangu na wajomba zangu kabla yangu. Leo bado nikiisoma Suratu Naba-i napata harufu ya karafuu mbichi.

Asubuhi zinaanikwa juu ya majamvi. Mvua ikitishia kila mtu anaacha alichonacho anakimbilia kuanua, kwa sababu karafuu ikilowa na kuvunda inakuwa mpeta, na mpeta bei yake haina maana. Bibi alikuwa mkali hapo. Alisema mali ya jasho ikiharibiwa kwa uzembe ni neema iliyotupwa. Zikishauzwa kituoni, kabla ya mtu yeyote kununua hata kibiriti, alitoa fungu. Alijua kuwa kwa madhehebu ya Imamu Shafi karafuu haimo katika mazao yanayotolewa zaka, kwa kuwa si chakula cha kutegemewa, maana mwalimu wake alimfunza hilo. Fungu lake lilikuwa sadaka, na lilikuwa na majina: fulani mjane, fulani mgonjwa, fulani kijana anayetaka kuoa hana mahari. Yote ni jamaa, wa karibu na wa mbali.

Majina hayo yalikuwa katika daftari.

Lilikuwa daftari kubwa la kurasa nyingi, jalada lake limeshonewa kipande cha kanga, linakaa ndani ya kasha pamoja na Msahafu na sanda yake. Kabla ya hilo palikuwa na jingine la zamani zaidi, kurasa zake zimeliwa na mchwa pembeni, na yaliyosomeka aliyanakili kwenye hili jipya. Yote kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu cha Pemba. Aliandika kuzaliwa, kuoa, kuachana, kufa. Aliandika nani anamdai nani. Na zaidi ya yote aliandika jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwenye nyumba nyingine yoyote: nani kanyonya kwa nani.

Msomaji Muislamu anajua kwa nini. Aya ya 23 ya Suratu Nisaa inawataja mama aliyekunyonyesha na dada wa kunyonya pamoja na mama na dada wa damu, katika wale usioweza kuwaoa. Kwa Shafi udugu huo unathibiti kwa kunyonya mara tano za kushiba, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Sheria tunaifahamu sote. Tunachokikosa ni kumbukumbu. Mtoto ananyonyeshwa na shangazi, mama yuko hospitali. Miaka ishirini inapita, shangazi kafariki, na hakuna anayekumbuka.

Na kwetu yalikuwa yakitokea sana, hasa msimu wa karafuu. Familia zinahamia kambini, akina mama wanachuma matawi ya chini na kuokota, na watoto wachanga wanaachwa na yule mmoja aliyebaki kupika. Mtoto akilia, aliyeko anampa ziwa. Ni huruma, na ni jambo jema. Bibi aliyekuwa akipika kambini alilijua vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alinyonyesha watoto wengi wasiokuwa wake. Kila jioni aliuliza: leo nani kamnyonyesha nani, mara ngapi, kashiba au kaonja tu? Wanawake wengine walimcheka. Yeye akaandika.

Nilikuwa msichana mkubwa siku posa ilipokuja kwa binti wa mama yangu mdogo. Mchumba alitoka upande wa Mtambwe, kijana mwenye adabu, anasali, ana kazi yake. Kila mtu aliridhia. Mama mdogo kashanunua vyombo, nguo za bibi harusi ziko kwa fundi. Jioni ile walipokuja wazee wa mchumba kupanga siku, Bibi aliuliza mama yake kijana ni nani, na mama wa mama yake ni nani. Alipotajiwa akanyamaza. Kisha akaniambia, "Kanitolee kasha."

Macho yake wakati ule yalishaanza kufifia. Alinipa daftari nitafute mimi, yeye ananielekeza: baada ya kifo cha fulani, kabla ya harusi ya fulani. Nilipopata ukurasa nikausoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Mama mdogo alipata homa kali kambini, msimu wa karafuu, na mtoto wake mchanga akanyonyeshwa siku nne, usiku na mchana, na mwanamke mmoja aliyekuja kuchuma kutoka Mtambwe. Jina la mwanamke yule lilikuwa jina la mama wa mchumba.

Sijasahau ukimya wa ukumbi ule. Mama mdogo alisema homa ilimchukua fahamu, hakumbuki chochote. Mama wa kijana alipoulizwa siku ya pili alisema ndiyo, alimnyonyesha mtoto wa kike kambini mwaka ule, ila hakujua amekuwa nani. Wazee wakaenda kwa kadhi na daftari. Kadhi akauliza idadi, akauliza mashahidi, na harusi ikavunjwa.

Walikuwapo jamaa waliosema Bibi angenyamaza. Kwamba hakuna aliyekumbuka, na Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe. Aliwajibu mara moja tu: "Mie nilikumbuka. Ningenyamaza, dhambi ingekuwa ya nani?" Usiku nilimkuta kwenye msala analia. Alimpenda binti yule kuliko wajukuu wote, nalisema bila ya wivu.

Ila alilolifanya baada ya hapo ndilo lililonifunza zaidi. Wiki ile ile alipika wali wa nazi na samaki, akawaita watu wa Mtambwe wote, akawakalisha wale vijana wawili mbele ya familia zote mbili na kuwaambia wamepata ndugu. Alimwambia kijana: kuanzia leo unaingia nyumba hii bila ya hodi ya mgeni, huyu ni dada yako, maharimu wako. Walikuwa na haya, hawakuweza hata kutazamana. Lakini alikuwa akiwaalika kila Idi, na kila msimu kijana akaja kusaidia kuchuma. Leo kila mmoja ana familia yake. Binamu yangu alipotaka kwenda Umra, mumewe akiwa mgonjwa hawezi kusafiri, aliyefuatana naye kama maharimu ni kaka yake yule wa kunyonya. Aibu ambayo ingeweza kuwatenga watu wa vijiji viwili kwa kizazi kizima ilizaa ndugu, kwa sababu mtu mmoja aliamua kwamba haitoshi kukataza, lazima pia aunge.

Kuna ukurasa mwingine katika daftari lile ambao mpaka leo nausoma kwa shida. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kuja Pemba. Sikukuu ya Idi-el-Fitri ilikuwa imepita siku chache tu. Walikufa mamia ya watu, na wengi hawakuonekana tena. Karibu kila kijiji cha Pemba kiliguswa, na ukoo wetu haukusalimika. Bibi aliandikisha majina yote, wakati huo mwandishi ni mimi, yeye ananitajia. Waliopatikana tuliandika mahali walipozikwa. Wasiopatikana alisema niandike neno moja tu pembeni ya jina: bahari.

Aliwaomba wanaume wawasalie sala ya ghaibu, wakawasalia. Msiba ulipokwisha na watu wakatawanyika, yeye akaanza safari zake. Mguu unamuuma, macho hayaoni vizuri, na bado alikuwa akipanda daladala kwenda kukaa na mama wa kijana aliyepotelea baharini, anamsomea Yasini, anakula naye, anarudi. Alikwenda kwao mara nyingi zaidi kuliko kwa wale waliozika. Nilimuuliza sababu. Akanambia, "Mwenye kaburi ana pa kwenda kusoma. Asiye na kaburi aendewe yeye."

Mwaka ule ule bei ya karafuu ilipandishwa sana, na hapo watoto wake wakaona faida ya jambo jingine alilolisimamia. Babu alipofariki aliacha shamba la mikarafuu. Wajomba zangu, ambao ni watu wazuri na sisemi haya kuwavunjia heshima, walishauri mirathi isigawanywe: shamba libaki moja, wao walisimamie, na kila msimu dada zao wapewe chochote. Ndivyo inavyofanyika katika nyumba nyingi, na ndivyo haki za wanawake zinavyoyeyuka kidogo kidogo bila ya mtu kuiba. Mwaka wa kwanza dada anapewa, wa pili anapewa pungufu, wa kumi anaambiwa msimu haukuwa mzuri, na watoto wake hawajui hata shamba liko wapi.

Bibi alikuwa ndani, kwenye eda yake ya miezi minne na siku kumi. Aliwaita wanawe akawauliza kama deni za baba yao zimekwisha kulipwa. Wakasema ndiyo. Kama ana wasia. Wakasema hana. "Mungu kaigawa mwenyewe, kwa hesabu," akawaambia. "Nyinyi mwangoja nini?" Kisha akataka isigawanywe kwa maneno. Watoto wa kike walipelekwa shambani na kaka zao mbele ya shahidi, wakaonyeshwa shina kwa shina: huu wako, huu wako, mpaka pale kwenye mnazi. Mama yangu anasema aliweka kiganja juu ya kila shina lake kama anayehesabu watoto. Yote yakaandikwa. Thumuni yake, sehemu moja ya nane ya mjane, Bibi mwenyewe aliichukua bila ya haya, kwa sababu alisema anayesamehe haki yake kwa kuona haya anawafunza binti zake kuona haya. Mikarafuu ya mama ndiyo iliyonisomesha mimi chuo cha ualimu. Na wajomba zangu hawajagombana na dada zao hata siku moja kwa ajili ya shamba, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kugombania.

Miezi ile ya eda alitufunza sisi wajukuu wa kike mambo mengi ambayo wakati mwingine hakuwa na nafasi nayo. Kushona kofia, kwa wale wenye subira ya vitobo. Kukoroga unga wa mkate wa kumimina kwa ajili ya Ramadhani. Na kuosha maiti. Hili la mwisho wasichana wengi wanalikimbia, na mama zao wanawaficha. Bibi aliona ni wajibu wa jamaa: mwanamke aoshwe na wanaompenda na wanaojua kumsitiri, asiachwe kwa mgeni. Alitufunza kwa maneno, akilaza mto juu ya kitanda. Baadaye jirani mmoja alipofariki na eda imekwisha, alinichukua nikasaidie kumwagia maji.

Kwa hiyo siku yake ilipofika, mikono yangu ilijua. Alifariki wakati wa masika, asubuhi, baada ya kuugua muda mfupi, watoto wake waliobaki Pemba wakiwa wamemzunguka. Tuliomwosha ni mama yangu, mama zangu wadogo na mimi, tukimfunika shuka mwanzo mpaka mwisho, maji yakipita chini yake. Tulianza na maji ya majani ya mkunazi, tukamaliza kwa maji yenye kafuri kidogo, na idadi ya witiri, isiyogawika kwa mbili, kama alivyotufunza. Nywele zake, nyeupe zote, tulizisuka misuko mitatu. Sanda ilikuwa tayari ndani ya kasha tangu zamani, vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kumzungushia. Alikuwa amezikunja kwa mpangilio wa kuvishwa, cha kwanza kikiwa juu, ili tusihangaike. Hata hapo alituwahi. Wakati wote ule hakuna aliyepiga kelele. Mama alikuwa akisoma taratibu, sisi tukipokea.

Waliokuja kumzika walijaa barabarani. Mwanawe wa Maskati hakuwahi, akasali kule kule. Wa Unguja waliwahi kwa ndege. Wa Tanga walifika hitimani. Usiku wa hitima wanawake walikaa makundi makundi uwani, na nikasikia kila kundi likieleza jinsi lilivyo karibu naye. Wapo waliodai udugu ambao mimi sikuujua. Nilipoangalia daftari baadaye niliwakuta humo, kila mmoja.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa kuamua daftari likae wapi. Mjomba mkubwa alitaka lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa litiwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kila mtu awe nalo. Mama zangu wakakataa, nami nilikuwa upande wao. Mambo ya kunyonya, ya talaka na ya madeni ni amana za watu, na Bibi hakupata kumsomea mtu ukurasa usiomhusu. Tukakubaliana hivi: majina ya waliozaliwa na waliofariki yanatumwa kwenye kundi, ili watoto wa ughaibuni wajue wa kuwaombea, mengine yanabaki ndani ya kasha, kwangu, na anayetaka kuulizia jambo aje mwenyewe na aulize lake. Naendelea kuandika kwa herufi zile zile za Kiarabu. Binti yangu mkubwa nimeanza kumfunza, na kazi ya kwanza niliyompa ni kumsomea mama yangu majina ya waliopotelea baharini, kwa sababu usiku wao ukifika lazima kuwe na mtu wa kuwasomea Yasini.

Nimeitenga pia Alasiri yangu. Si kila siku, maana skuli ninayofundisha ina zamu mbili, ila siku ninazotoka mapema watu wameshazijua. Kwanza walikuja majirani wa karibu. Siku hizi wanakuja wa mbali.

Hivi karibuni walikuja wanawake wawili kutoka Kangagani, mama na shangazi wa msichana anayeposwa na mtoto wa binamu yetu. Walisikia kwa watu kwamba msichana aliwahi kunyonyeshwa na mama wa mchumba, wakaingiwa na hofu, hawalali. Niliwawekea chai, nikatia udhu, nikatoa daftari. Nilitafuta kwa namna ile ile niliyoelekezwa: baada ya kifo cha fulani, kabla ya harusi ya fulani. Ilikuwapo, kwa hati yangu mwenyewe, maneno ya Bibi. Mtoto alinyonyeshwa mara mbili, siku moja, mama yake akiwa Wete sokoni. Mara ya kwanza kashiba, ya pili kaonja akalala. Chini yake Bibi alinambia niongeze: nimemuuliza mnyonyeshaji mwenyewe, kaapa.

Niliwasomea mara mbili. Yule shangazi akashika kichwa, akasema alhamdulillahi, akaomba nimsomee tena. Nikawaambia mimi si wa kutoa fatwa, waende kwa kadhi wa Wete, nami nitakwenda nao na daftari. Tukenda Jumatatu. Kadhi alisoma mwenyewe, hati zile anazijua, akauliza mnyonyeshaji yu hai. Akaambiwa yu hai, akaitwa, akasema vile vile. Harusi itakuwa baada ya vuli, karafuu zikishauzwa, na nimeombwa niende mapema kusaidia kuchambua mchele.